Mjerumani wa Mama Dudziakowa

Zamani mwigizaji akidondosha maandishi ya sehemu yake sakafuni aliyakalia kwanza kwa makalio, ndipo akayaokota, ili mkosi usimwandame. Siku hizi anadondosha simu, anaiokota haraka na kuipangusa kwa shati kama mtoto aliyeanguka.

Juzi niliingia katika ukumbi wetu wa maonyesho, hapa mjini kando ya mto Warta, Polandi, nikaona kile kibanda cha mnong'onezi kilichokuwa mbele ya jukwaa kimezibwa kwa mbao na juu yake pamewekwa taa za rangi. Nikamwuliza kijana mmoja mwenye nywele za kusimama, "Mnong'onezi yuko wapi? Mwigizaji akisahau maneno anafanyaje?"

"Mzee, tunavaa kidude sikioni."

Kidude sikioni! Mimi nilitunza ghala la vifaa vya jukwaani katika ukumbi ule tangu vita vilipokwisha mpaka walipoanza kuleta kuku wa plastiki. Nilikuwa na kiti cha enzi, mapanga ya mbao, kichwa cha paa kilicholiwa na nondo, na mikate halisi, maana mwigizaji wa zamani alitafuna kweli. Shule yangu ilikuwa kile kiti cha enzi: nilikikalia na kusoma kila kitabu kilichopita mikononi mwangu, hata vile vilivyoletwa kama mapambo ya rafu. Na katika miaka yote hiyo sijapata kuona mtu akinong'onezwa na betri.

Basi acha niandike habari za Hieronim Dudziak, kabla vijana hawa hawajasema kwamba naye alikuwa kidude.

Hieronim hakuja kwetu kama mwigizaji. Alikuja kama mzimamoto. Sheria ilitaka kila onyesho liwe na mzimamoto, akae kando ya jukwaa, nyuma ya pazia, na ndoo na shoka, asubiri moto. Alitoka kijiji cha Kobyle Doły, mrefu, mkavu, mifupa ya mashavu imetokeza kama rafu mbili, macho ya rangi ya maji yaliyolala kwenye debe. Shavuni alikuwa na kovu la teke la ng'ombe wa mama yake. Mzimamoto akiwa kazini haruhusiwi kucheka, na Hieronim aliiheshimu sheria hiyo kuliko padri anavyoiheshimu Kwaresima. Tulikuwa na vichekesho vya kuwafanya watu wateleze vitini. Yeye alivitazama kama mtu anayetazama moshi.

Siku moja mwigizaji aliyecheza hakimu alishuka ngazi za baa haraka kuliko miguu yake, akavunjika mkono. Watazamaji wameshakaa. Meneja anang'oa nywele chache alizobakiza. Hieronim akasema kutoka kwenye kiti chake, "Maneno ya hakimu nayajua." Alikuwa ameyasikia msimu mzima, ningeshangaa kama asingeyajua. Wakamvika joho. Chini ya joho zilionekana buti zake za zimamoto, na gazeti la mji likaandika kwamba ni wazo jipya, kwamba sheria yenyewe imevaa buti. Wasomi hao! Hawakujua kwamba buti za hakimu zilikuwa bado miguuni mwa hakimu, hospitali.

Hapo ndipo utamu ulipomwingia. Akasoma, akafanya mazoezi peke yake ghalani kwangu akimhutubia kichwa cha paa, akaenda Warszawa akafanya mtihani wa waigizaji mbele ya kamati, bila kupita chuoni, kama ilivyowezekana enzi zile kwa mtu mwenye bidii. Akarudi mwigizaji. Akaletwa mzimamoto mwingine, mcheshi sana, na mwaka huohuo pazia letu likaungua.

Kisha wakaja watu wa filamu kutoka Łódź.

Miaka ile filamu za vita zilitengenezwa kama mikate, na kila filamu ilihitaji Wajerumani. Wajerumani wenyewe hawakuwa na haraka ya kuja. Mtu wa filamu akamtazama Hieronim, akamzunguka kama mnunuzi wa farasi.

"Hilo kovu ni la upanga?"

"La ng'ombe, bwana."

"Usimwambie mtu."

Ndivyo kazi yake ya filamu ilivyoanza. Alikufa kwenye treni. Alikufa ndani ya rundo la nyasi kavu. Alizama kwenye kinamasi, akaumwa na mbwa wa wapiganaji wa msituni, akaanguka kutoka mnara wa kanisa mpaka ndani ya samadi. Katika filamu moja iliyokuwa na jeshi dogo alikufa mwanzo, wakampaka masharubu akafa katikati, wakamvika miwani akafa tena mwishoni. Kijerumani chake chote kilikuwa "Simama!" na "Vitambulisho!", na hata hayo aliyasema kwa lafudhi ya Kobyle Doły.

Mjini watu walimjua vizuri. Siku moja tulisimama pamoja kwenye foleni ya bucha. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yetu akageuka.

"Wewe! Si wewe uliyempiga risasi yule kijana jana, yule aliyekuwa na gitaa?"

"Ilikuwa filamu, bibi."

"Najua ilikuwa filamu, mimi si mjinga. Nenda nyuma."

Akaenda nyuma. Alikuwa mtu mpole mno. Nyama ilipokwisha, ilikwisha mbele yake.

Hayo yote aliyabeba. Asichoweza kukibeba kilikuwa mama yake.

Mama Dudziakowa alikuwa mjane, mfupi, mviringo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Sinema ilifika kijijini kwao kwa lori, ikaonyeshwa kwenye jengo la zimamoto, kijiji kizima kikakaa kwenye mabenchi. Na kila Hieronim alipokufa, kijiji kizima kilipiga makofi. Ungefanyaje? Ni Mjerumani. Jirani yake, Kłosowa, alimgeukia na kumpongeza: "Dudziakowa, leo mwanao kafa vizuri! Kachukua muda!"

Asubuhi moja mama akashuka kutoka basi la kijijini, amevaa shali lake la kanisani, akaja moja kwa moja ghalani kwangu, maana alijua mwanawe hunywa chai pale.

"Hirek," akasema, maana ndivyo alivyomwita Hieronim, "nimechoka."

"Umechoka na nini, Mama?"

"Na kukuzika. Kila vuli nakuzika, na watu wanashangilia. Kłosowa anakuja na mbegu za alizeti mfukoni, anakaa anatafuna, anasubiri ufe."

"Ni kazi, Mama."

"Kazi gani hiyo? Mtoto wa Kłosowa anaendesha trekta na hajafa hata mara moja!"

Mama akakaa kwenye kiti cha enzi, miguu haifiki chini, akafuta pua.

"Sikuombi nyumba, sikuombi koti. Nionyeshe mara moja tu kabla sijafumba macho. Uwe mtu wetu, si Mjerumani. Na filamu ikifika mwisho uwe hai. Unaweza au huwezi?"

Hieronim akapiga magoti, akaubusu mkono wake, akaahidi. Mimi nilikuwepo. Na tangu siku ile hakutafuta kitu kingine: Mpolandi mmoja, hai mpaka mwisho. Aliwaandikia waongozaji wote. Wakamjibu kwa heshima, wakamtumia sare.

Ndipo zikaja habari za Seweryn Obtułowicz, mwongozaji mkubwa wa filamu. Alikuwa anatafuta mtu wa kucheza baba wa familia, mfuga nyuki, mtu wa watu, ambaye anavipita vita salama na mwishoni anacheza dansi kwenye harusi ya binti yake. Hieronim alipopata habari alikaa chini. Mfuga nyuki! Hai! Anacheza dansi! Akapiga simu Łódź, akapiga kelele kwenye simu ile mpaka mnong'onezi wetu akaja kumnyamazisha, na Obtułowicz akakubali kuja kumtazama jukwaani. Angekuja Jumapili, onyesho la mchana.

Hieronim akarudisha simu mahali pake. Akatazama kalenda. Akawa mweupe kuliko alivyokuwa, na hilo si jambo dogo.

Jumapili hiyo ilikuwa ya kijani.

Lazima niseme kidogo hapa, kwa kuwa vijana wameisahau hata hiyo. Onyesho la mwisho kabisa la tamthilia fulani, kabla haijaondolewa jukwaani, sisi tuliliita la kijani. Siku hiyo waigizaji walitegeana mitego mbele ya watu, lakini watu wasitambue. Mwenye mtego alishinda akimfanya mwenzake acheke katikati ya sehemu yake; hilo tuliliita kuchemka. Aliyechemka aliwanunulia wenzake wote vinywaji. Na Hieronim, katika maisha yake yote ya jukwaani, hakuwahi kuchemka. Hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona meno yake. Kumchemsha Dudziak ilikuwa ndoto ya kila mtu, kuanzia meneja mpaka mwanamke wa kutundika makoti.

Akawakusanya wote. "Ndugu zangu, nawaomba. Jumapili hii isiwe ya kijani. Mwongozaji ni mtu wa filamu tupu, mambo yetu hayajui. Akiona upuuzi atadhani ndivyo ninavyofanya kazi. Ni kwa ajili ya mama yangu."

Wakaguswa. Gracjan Pluta, mchekeshaji wetu, mwenye tumbo lililoingia jukwaani kabla yake, akatoa machozi. "Hirek, naapa kwa uhai wa mama mkwe wangu, mimi sigusi kitu."

"Kwa kitu unachokipenda, Gracjan," akasema Kornelia, aliyecheza mjane.

"Basi kwa uhai wa mbwa wangu."

Wote wakaapa. Lakini hofu ilibaki. Onyesho linalofungwa bila kijani huleta mkosi, kila mtu alilijua hilo. Mwaka mmoja tuliruka, bomba likapasuka ghalani na kiti cha enzi kikaota uyoga. Kwa hiyo Alhamisi Gracjan akaja kwangu taratibu. "Mzee, kwa kuwa wenzangu hawafanyi chochote, mimi nitafanya kamoja tu. Kadogo. Kwa ajili ya mkosi." Ijumaa akaja Kornelia. "Kwa kuwa wote wameapa, kamoja tu hakatadhuru." Jumamosi akaja yule aliyecheza padri, ananong'ona hivyohivyo, anaomba nyundo.

Jumapili ukumbi ulijaa. Haya ya huko vitini alinisimulia Mama Dudziakowa mwenyewe. Alikuja bila kuitwa. Hieronim alimwandikia asisumbuke, naye akaelewa kwamba mambo ni makubwa. Akakaa safu ya tatu, kikapu magotini, shali juu ya kikapu. Pembeni yake alikaa bwana mmoja mwenye skafu nzuri.

"Mwanangu, sogea kidogo," akamwambia, "mzigo wangu unahitaji hewa."

"Una nini humo, Mama?"

"Bata bukini."

"Hai?"

"Nimpeleke amekufa, nimtukane mtu? Ni wa yule mwongozaji wa filamu. Anakuja leo kumtazama mwanangu. Huwezi kwenda kumwomba mtu kazi umeshika mkoba mtupu."

"Na mwanao ni yupi?"

"Atakayecheza daktari. Ukimwona njiani utadhani Mjerumani, lakini ni mtoto mzuri. Hajawahi kufika hai mwisho wa kitu chochote. Wewe una watoto?"

"Wawili."

"Wanakufa?"

"Hapana, Mama."

"Mshukuru Mungu."

Bwana yule alikuwa Obtułowicz.

Tamthilia ilikuwa ya huzuni, ya nyumba ya mabwana wa zamani: mjane anaumwa moyo, daktari anakuja kumpima na kumpa habari mbaya. Hieronim akaingia. Akavua mlangoni mipira ya kukingia viatu matope, kama mtu mstaarabu, akavuka chumba, akainama kuubusu mkono wa mjane. Kornelia alikuwa ameupaka ule mkono figili kali iliyosagwa, tabaka nene kutoka vidoleni mpaka kifundoni. Hieronim akaubusu. Akaubusu wote, kama jukumu linavyotaka. Alipoinuka, machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni, uso umetulia kama mlango wa benki. Ukumbini wanawake wakatoa leso. "Maskini," akanong'ona mmoja, "anajua mgonjwa wake atakufa."

Gracjan, aliyecheza mtumishi, akaleta chai kwenye sinia. Haikuwa chai. Ilikuwa maji ya kwenye pipa la kabichi iliyochachuka, ya moto. Hieronim akanywa kikombe kizima.

"Chai nzuri, bibi," akasema. "Ya kijijini?"

Kornelia akauma mdomo. Hieronim akafungua mkoba wake wa daktari atoe ule mpira wa kusikilizia moyo. Akavuta. Ikatoka soseji. Akavuta zaidi, ikatoka soseji iliyofungamana na soseji nyingine, na nyingine, mkufu mzima, za moshi, nene, zinazong'aa mafuta.

Sasa elewa. Ulikuwa mwaka ambao watu walipanga foleni kwa ajili ya mfupa. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Hakuna aliyecheka. Kilikuwa kimya cha heshima, kama padri anapoinua kikombe. Shemeji yake Gracjan alikuwa amechinja nguruwe, na Gracjan, kwa ajili ya kumchemsha mtu mmoja tu, alikuwa ameitoa mali ile mbele za watu. Leo nani angetoa sadaka kama hiyo? Leo wangeleta soseji ya plastiki.

Hieronim alijua kinachotokea. Aliyajua macho ya Obtułowicz yaliyokuwa gizani, na alimshikilia yule mfuga nyuki wake kwa meno. Akiruhusu mdomo uteleze kidogo tu, kwisha. Akauvaa mkufu wa soseji shingoni, taratibu. Akaweka ncha moja sikioni, nyingine mgongoni mwa mjane.

"Pumua," akasema.

Kornelia akachemka. Akaufukia uso katika leso, mabega yanaruka, sauti inamtoka kama birika. Watazamaji wakalia naye. Kila mtu ameokoka, nikawaza mimi nyuma ya pazia, tumepita salama.

Tungepita, kama Mama Dudziakowa asingesimama aone vizuri ile soseji ni ya aina gani. Kikapu kikaanguka. Bata akatoka.

Akapita katikati ya ukumbi kwa mwendo wa mwenye nyumba, akapanda vile vingazi vya pembeni, akasimama jukwaani chini ya taa, akamtazama Hieronim. Akamtambua. Akapiga kelele ya furaha. Hieronim akamtazama pia. Alimlea yeye mwenyewe tangu akiwa kifaranga, likizo iliyopita.

"Mgonjwa anayefuata," akasema.

Akamchukua, akamweka chini ya kwapa, akamsikiliza kifua kwa soseji. "Moyo mzuri. Apunguze mkate."

Hapo ukumbi ulianguka kwa kicheko. Watu walishikana. Mnong'onezi akatumbukia ndani ya kibanda chake, tukaona mkono tu. Padri akageukia ukuta. Gracjan akaanguka kwa magoti na sinia lake, akatambaa nyuma ya sofa, na tumbo lake likawa linaitikisa sofa yenyewe, inasogea kidogokidogo kuelekea mlangoni. Hieronim peke yake, jiwe. Akarudi mlangoni, akaingiza miguu katika mipira ya viatu. Ilikuwa imepigiliwa misumari sakafuni.

"Kwaherini," akasema, na hakwenda popote.

Akatazama chini. Akafikiri. Akaichomoa miguu, viatu vikabaki, akatoka kwa soksi, soseji shingoni, bata kwapani, polepole, kama jenerali anayeuacha mji alioushinda. Pazia.

Obtułowicz alikuja nyuma ya jukwaa macho yamelowa. Hieronim alikuwa amesimama na bata wake, anasubiri hukumu.

"Bwana Dudziak," akasema mwongozaji, "nimetafuta uso huu miaka mingi. Dunia inaanguka mbele yako, na hausogei unyusi! Ninaye jenerali kwa ajili yako. Anatazama mji ukiungua huku anakunywa kahawa."

"Jenerali gani?"

"Mjerumani, ndiyo."

Hieronim akaweka bata chini. "Na mfuga nyuki?"

"Aa, baba? Baba ni mtu wa kucheka, rafiki yangu. Baba anapaswa kutikisika." Akageuka, akamwonyesha Gracjan, ambaye bado alikuwa amejilaza sakafuni anapangusa macho. "Yule. Yule pale ndiye baba."

Gracjan akaacha kucheka palepale. Sijapata kuona mtu akiumia vile kwa kupewa kazi. "Bwana Mwongozaji, mimi siwezi. Yeye ndiye…"

"Ndiyo, huyo mwenye tumbo," akasema Obtułowicz. "Ameshapatikana."

Mama Dudziakowa akafika, kikapu mkononi, shali limepinda. Akamtambua bwana wa safu ya tatu. Akaelewa haraka kuliko sisi sote.

"Kumbe ni wewe unayemuua mwanangu?"

"Mama, huyu jenerali hafi."

"Hafi?"

"Anatoroka. Anakwenda Amerika ya Kusini. Picha ya mwisho ya filamu ni yeye."

"Yuko hai?"

"Anakunywa kahawa."

Mama akamtazama mwanawe, akamtazama mwongozaji, akapima. Hieronim alikuwa anatikisa kichwa taratibu: si Mpolandi, Mama, si hivi nilivyoahidi. Mama akainama, akamkamata bata, akamkabidhi Obtułowicz mikononi.

"Usimpe mkate," akasema. "Umesikia daktari."

Bata alirudishwa baada ya wiki moja na mhudumu wa treni, akiwa na skafu nzuri mdomoni. Soseji hazikurudi. Ziliisha palepale chumba cha mavazi, na Kornelia, aliyechemka, akalipia vinywaji.

Filamu ikatengenezwa. Gracjan alikuja kwa Hieronim kuomba msamaha, analia kweli safari hii, na Hieronim akamwambia, "Baba lazima acheke, Gracjan. Nenda." Lakini walipofika katikati ya kazi, Obtułowicz akabadilisha mambo, kama walivyo wote wa Łódź. Aliona harusi haina uzito ikiwa baba yupo. Kwa hiyo mfuga nyuki akauawa katikati ya filamu, kwa amri ya jenerali, ndani ya matope ya Novemba. Gracjan akaanguka kwenye matope vizuri sana. Hieronim akanyanyua mkono.

"Bwana Mwongozaji, nadhani unyusi wangu ulisogea. Turudie."

Gracjan akasimama, wakamfuta, akaanguka tena.

"Samahani. Naona bado. Mara moja tena."

Walirudia mpaka giza likaingia, na Gracjan alikohoa mpaka Pasaka. Baada ya hapo wakawa marafiki kuliko zamani.

Filamu ilipofika Kobyle Doły kwa lori, Hieronim alinialika. Nikaenda kwa basi. Jengo la zimamoto lilijaa, mabenchi yalilia. Mama Dudziakowa amekaa mbele, shali la kanisani, mwanawe kushoto kwake, mimi kulia. Nyuma yetu Kłosowa na mbegu zake za alizeti. Akatafuna filamu nzima, anasubiri. Jenerali akaamrisha, akachoma, akafukuza. Kłosowa akatafuna. Jenerali akapanda ndege. Kłosowa akaacha kutafuna. Ikaja picha ya mwisho: Hieronim chini ya mtende, ndani ya nyumba ya vioo ya bustani moja ya mimea, kanzu nyeupe, kikombe mkononi. Akanywa. Taa zikawaka.

Hakuna aliyepiga makofi. Minong'ono ikaanza kutoka mabenchi ya nyuma.

"Katoroka!"

"Dudziakowa, hii si haki!" Kłosowa akasimama. "Nimekaa saa zote hizi! Mwanao kaachwa hivihivi?"

Mama Dudziakowa akasimama kwenye benchi, ili aonekane. Akapiga makofi, peke yake, kwa mikono ile ya kukamulia ng'ombe.

"Kafika mwisho!" akapaza sauti. "Hai! Na kahawa!"

Hieronim akamvuta sketi. "Mama, kaa. Mama, bado ni Mjerumani. Niliahidi mtu wetu."

"Najua ulichoahidi. Nimepata nusu, nitaila nusu." Akamgeukia jirani yake. "Mtoto wako, Kłosowa, hajawahi kuonja kahawa ya buni halisi!"

"Na yako ilikuwa halisi?" Kłosowa akamwuliza Hieronim, kwa wivu mtupu.

"Ilikuwa maji ya kabichi," akasema Hieronim. "Gracjan aliileta."

Na akachemka. Ilianza mabegani, kama kwa Kornelia, kisha ikamtoka kinywani, mdomo ukafunguka, na nikayaona meno yake. Hayakuwa mazuri, ndiyo maana labda. Alicheka akishikilia benchi, machozi yanaporomoka juu ya lile kovu la ng'ombe, mama yake akimpiga mgongoni akidhani amepaliwa na mbegu ya alizeti.

Majira ya baridi yaliyofuata alihamia Łódź, na mimi sikutoka ghalani kwangu, kwa hiyo siku ile ndiyo niliyowaona mara ya mwisho. Basi langu lilikuwa linaondoka. Kwenye dirisha niliwaona wakishuka njia ya matope kuelekea nyumbani, mama mbele anaongea bila kugeuka, Hieronim nyuma yake amebeba shali, bado mabega yanaruka. Getini alikuwa amesimama yule bata, na alipowaona akapiga kelele, akatangulia kuingia ndani.